Rangi ya Njiwa na Rangi ya Ua la Viazi

Tulipokuwa tunamwandaa dada yangu Oresta kwa mazishi, mwaka huu, huko Kasansa, wanawake wa jumuiya walinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nimekaa juu ya gunia la pumba, wakaniuliza marehemu alikuwa anapenda rangi gani. Walitaka kwenda dukani kununua kitambaa cha kufunika jeneza. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida, la watu wenye haraka, lakini mimi nilibaki nimewatazama kama vile sijaelewa. Mwishowe nikasema, “Nunueni nyeupe.” Wakaondoka. Ndipo nikamsikia binti mmoja wa kwaya akimwambia mwenzake, akidhani kilio cha ndani ya nyumba kinanizuia kusikia, “Sasa kipofu rangi angeijulia wapi?” Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtoto mdogo sana dada aliporudi pale kijijini, na kwake yeye Oresta alikuwa siku zote yule mama wa kwenye kigoda anayechambua mchele kwa vidole. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mwaka mmoja, mjini Mpanda, nyumba nzima ilibishana juu ya rangi mbili zinazofanana, na kwamba mtu aliyetegemewa kuamua alikuwa ni yeye.

Mwaka ule Mpanda ndiyo kwanza ilikuwa inafanywa makao ya mkoa. Maofisa walikuwa wanahamia, tanuri za matofali zinawaka kila upande, na mtu asiyejenga alionekana kama amelala. Shemeji Kalisto, mume wa dada, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Alinunua mpunga Mpimbwe, akaukoboa na kuuza mchele mjini, na faida yote ilikwenda kwenye nyumba yao ya mtaa wa Nsemulwa. Walihamia kabla haijaisha, kama watu wengi wanavyofanya. Bati lilikuwepo, milango ilikuwepo, plasta ilikuwepo, ila dari hakuna na rangi hakuna. Mimi nilikuja kumsaidia dada kazi ya cherehani, nikapewa chumba cha nyuma, nikalala kando ya mifuko ya saruji iliyobaki. Kwa kuwa hapakuwa na dari, maneno ya chumba kimoja yalipanda juu ya ukuta na kushukia chumba kingine. Nilijua kwamba shemeji anasali rozari akiwa amelala chali na kwamba mara nyingi anasinzia katikati. Nilijua dada anamcheka. Hawakuwa na mtoto, na wakati huo jambo hilo lilikuwa bado halijaanza kusemwa kwa sauti.

Cherehani ya dada ilikaa sebuleni, chini ya dirisha linalotazama magharibi. Ninaposema dada alikuwa fundi sisemi kwa sababu amekufa. Mteja alimwonyesha kipande cha kitambaa, kidogo kama ukucha, dada akakitazama mara moja na kukirudisha, akaenda sokoni mikono mitupu akarudi na uzi wa rangi ileile. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo mama wa kwaya ya kanisa waliporudisha sare zao wakati wa Kwaresima, wakisema kwa adabu kwamba pindo zimeshonwa kwa uzi wa bluu wakati kitambaa ni cha zambarau, mimi ndiye niliyekasirika. Dada alizichukua zile sare, akazigeuza, akasema taa ya sebuleni ni mbovu. Tukafumua na kushona upya mchana, mimi nikimchagulia uzi. Siku zile zile alikuwa na tabia ya kumimina chai pembeni ya kikombe na kujigonga bega kwenye fremu ya mlango. Sote watatu tulicheka. Nimejiuliza mara nyingi ni nini tulichokuwa tunacheka, na sijapata jibu zuri, isipokuwa kwamba mtu anayejigonga kwenye nyumba mpya anachekesha.

Habari ya rangi ilianza mezani. Shemeji alirudi jioni moja na kadi ya rangi kutoka dukani, ile yenye vijiraba vidogo vya rangi vimepangwa kama vigae, akasukuma pembeni sahani za ugali na samaki wa migebuka ili aikunjue. Alikuwa amechoka kuona kila nyumba Nsemulwa imepakwa rangi ya maziwa. Alitaka ya kwake iwe tofauti, lakini iwe ya upole, mgeni aingie atulie. Kidole chake kilisimama kwenye vijiraba viwili vilivyokaa jirani. Vyote viwili vilikuwa kijivu kilichopauka chenye zambarau kwa mbali, kama mtu aliyefua kitambaa cha zambarau akakisuuza kwenye maji ya majivu. Ukivitazama kwa haraka ni kimoja. Ukitulia, unaona kwamba cha kwanza kimeegemea kwenye bluu, na cha pili kimeegemea kwenye wekundu.

“Hii ni kama kifua cha njiwa,” shemeji alisema.

“Na hii nyingine ni ua la viazi vitamu,” nikasema mimi, “likianza kunyauka.”

Majina hayo yakabaki. Dada aliichukua kadi, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha huku na huku. Aliitazama muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema, “Kadi inadanganya. Mwambie Nestori apake kwanza kidogo kidogo ukutani, tuone.” Mimi niliona ni maneno ya fundi. Leo naamini alikuwa anaomba muda.

Nestori alikuwa fundi rangi wa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kijana mpole aliyekuja kwa baiskeli na ndoo imefungwa nyuma, Kiswahili chake kikiwa na Kirundi ndani yake. Alipaka viraka viwili vikubwa kwenye ukuta wa sebule, njiwa upande wa kushoto jirani na dirisha, ua la viazi upande wa kulia. Kwa muda wa juma zima tuliishi na vile viraka kama tunavyoishi na wageni. Asubuhi, mwanga ukiwa bado wa baridi, njiwa alikuwa karibu na bluu kabisa, na ua la viazi ndilo lililobaki kijivu. Mchana kulikuwa na vumbi na mwanga mkali, na zote mbili zilionekana kama saruji chafu. Ila saa za jioni, jua linapoingia moja kwa moja dirishani, ua la viazi lilipata joto fulani, likawa kama ngozi ya mtu aliye hai, wakati njiwa alibaki pale pale akiwa amenuna. Shemeji aliketi kwenye kochi lililokuwa bado limefunikwa nailoni, akitazama. Alipenda ua la viazi. Alimwita dada kutoka jikoni, akamwambia achague, maana yeye ndiye anayejua rangi.

Dada alikuja akijifuta mikono kwenye khanga. Alisimama mbele ya ukuta.

“Nestori,” alisema, “mbona umepaka moja tu?”

“Mama, ni mbili,” Nestori alisema. “Nimeosha burashi kabla ya kupaka ya pili.”

“Hizi ni moja. Mwenye duka amewapa kopo mbili za rangi moja, na nyie mmepokea.”

Shemeji alicheka, akidhani ni utani. Alipoona siyo utani, akaacha kucheka. Walibishana, kwanza kwa upole, halafu kwa ukali. Usiku ule wote, juu ya ukuta, sikusikia rozari. Shemeji alisema mke wake anamfanya mjinga mbele ya fundi. Dada alisema yeye ameshika vitambaa tangu akiwa binti na hawezi kufundishwa rangi na mtu wa mpunga. Asubuhi aliyachukua yale makopo mawili madogo, akanipa moja nibebe, tukaenda nayo dukani kurudisha.

Duka lilikuwa karibu na soko, na mwenye duka tulimwita Mama Zuhura, mama wa makamo aliyependa kukaa nje kwenye benchi na wateja wake. Dada alimsalimia kwa heshima zote, “Shikamoo mama,” kisha akamweleza kwamba amepewa makopo mawili ya rangi moja. Mama Zuhura hakukasirika. Alifungua makopo yote mawili, akatumbukiza kijiti hiki huku na kijiti kile kule, akachora mistari miwili kwenye kipande cha boksi. Watu waliokuwa kwenye benchi wakainama kutazama. Mmoja alisema, “Hii ina wekundu.” Mwingine akasema, “Ya pili imekaa kibluu.” Nikamwona dada akiwatazama hao watu mmoja mmoja, kama anayetafuta nani kati yao ameanzisha mzaha. Akakichukua kile kipande cha boksi, akakisogeza karibu na uso mpaka rangi mbichi ikamgusa puani.

Mama Zuhura alisimama, akamshika mkono, akamtoa nje ya kivuli cha bati. “Njoo kwenye mwanga, mwanangu,” alisema. Alimtazama machoni kwa muda. Halafu akasogeza mkono wake pembeni ya uso wa dada, usawa wa sikio, akachezesha vidole. Dada hakugeuka. Mama Zuhura akaushusha mkono polepole.

“Umeanza lini kutoona vizuri?”

“Mimi naona,” dada alisema.

“Sawa. Lakini nenda hospitali ukapimwe. Hizo rangi niachie hapa, zitakungoja.”

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye mtaro wa barabara ya Nsemulwa, ambao alikuwa anauruka kila siku, dada alisimama, akaushika mkono wangu juu ya kiwiko. Hakuuachia mpaka mlangoni, na hakunitazama.

Hospitali ya Mpanda walimpima, wakasema afike Mbeya kwa wataalamu wa macho. Tulikwenda watatu. Basi lilipita Sumbawanga, na njia nzima shemeji alikuwa mchangamfu, akisema macho siku hizi yanasafishwa, mtu anaingia asubuhi na jioni anasoma gazeti. Alikuwa amesikia habari za mzee mmoja wa Karema aliyetolewa utando wa jicho akaanza kuwatambua wajukuu zake. Alilisimulia jambo hilo kwa dada, halafu kwangu, halafu kwa abiria wa kiti cha mbele. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu. Alimpima dada karibu asubuhi nzima, kwa taa, kwa matone, kwa chombo cha kugusa jicho. Kisha akatuweka chini. Akasema huu siyo utando. Ni presha ya macho, na imekaa muda mrefu, inakula pembeni kidogo kidogo ndiyo maana mtu hajui, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekwisha kufa sehemu kubwa. Kilichopotea hakirudi. Watajaribu kulinda kilichobaki kwa matone, ila asingependa kutudanganya.

Shemeji aliuliza, “Na operesheni?”

“Operesheni ingesaidia kushusha presha. Haimrudishii alichopoteza. Na kwa jinsi mshipa ulivyo, inaweza isibadilishe mwisho.”

Dada alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani. “Nitaendelea kushona?” aliuliza.

Daktari alimgeukia. “Shona sasa hivi, mama,” alisema. “Usingoje.”

Siku hiyo tulikula kwenye mgahawa jirani na nyumba ya wageni, wali na maharage na vipande vichache vya nyama.  Shemeji alichukua nyama yake, akaiweka kwenye sahani ya dada, upande wa pembeni, kwa upole. Dada alikula wali wote na maharage yote. Nyama aliiacha pale pale. Mhudumu alipokuja kuondoa sahani, shemeji alimzuia kwa mkono, akaitazama ile nyama, kisha akaiachilia sahani iende. Nimeona misiba mingi baada ya hapo, ukiwemo huu wa kwake mwenyewe, na bado ninapofikiria ni saa ngapi dada yangu alipotea, nafikiria ile sahani.

Tulirudi na matone. Yalitakiwa kukaa kwenye baridi, nasi tuliyaweka kwenye mtungi wa maji, ndani ya mfuko. Yalipokwisha, Mpanda hayakupatikana. Shemeji alikuwa akiagiza kwa madereva wa mabasi, mara yanafika, mara yanafika yakiwa yamepata joto, mara hayafiki. Lakini alikuwa na imani nyingine, ambayo sijui aliitoa wapi. Aliamini kwamba siku dada atakapoweza kutenganisha zile rangi mbili, siku hiyo atakuwa amepona. Kila Jumapili, tukitoka misa, kabla hata hatujavua nguo za kanisani, alimsimamisha mbele ya ukuta wa sebule. Mimi nilikuwa napanga vikombe.

“Njiwa ni ipi?”

Mara za kwanza dada alisema, “Sijui, Kalisto.” Jumapili hizo shemeji hakugusa chakula. Alikwenda kukaa mashineni ingawa mashine ilikuwa imefungwa. Kisha Jumapili moja, baada ya Pasaka, dada alinyoosha mkono akasema, “Njiwa ni hii ya kushoto.” Shemeji akasema, “Sema tena.” Akasema tena. Siku hiyo shemeji alichinja kuku yeye mwenyewe, akamwita Nestori aje kula nasi, na juu ya ukuta nilisikia rozari mpaka mwisho, hakusinzia. Jumapili iliyofuata dada alipatia tena, na iliyofuata, na iliyofuata. Shemeji akaanza kuwapigia simu ndugu zake. Mimi nilikuwa jirani zaidi, nikaona kitu ambacho yeye, kwa furaha, hakukiona: kabla ya kujibu, vidole vya dada viligusa ubao wa dirisha, taratibu, kama mtu anayeegemea tu. Akishaupata ubao, alijua kushoto ni wapi, na alikuwa ametusikia tukisema njiwa yuko kushoto. Nilinyamaza. Dada alijua kwamba nimeona, maana jioni moja tukiwa jikoni tunatwanga kisamvu alisema bila kuulizwa, “Mwache ale, Pina.” Nikaendelea kutwanga.

Tungeweza kuishi hivyo, nadhani, muda fulani. Kilichovunja ni furaha ya shemeji mwenyewe. Aliona kwamba sasa mke wake anapona, na nyumba haiwezi kukaa na viraka milele, achague rangi wamalize. Lakini alitaka achague kwa ajili ya chumba chao cha kulala, ambacho kina mwanga wa asubuhi. Akazichukua zile rangi kwa Mama Zuhura, akamleta Nestori siku ya Jumamosi dada akiwa sokoni nami, akapakisha viraka viwili vipya mle chumbani, vikubwa, ukuta mzima. Na kwa bahati tu, kwa sababu Nestori alianza na kopo lililokuwa karibu na mkono wake, ua la viazi likawa kushoto na njiwa kulia. Hapakuwa na mtego. Nimewahi kuulizwa na ndugu zetu kama lilikuwa jaribio, nikasema hapana, na nasema hapana hadi leo.

Jumapili tulitoka misa. Shemeji alimshika dada mkono, akampeleka chumbani, akiwa anatabasamu kama mtoto, nami nilisimama mlangoni kwa sababu alinitaka nione. Chumba kilinuka rangi mbichi. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga umejaa, na hata mimi niliyeishi na rangi zile tangu mwanzo sikuwa nimewahi kuziona zimeachana namna ile. Njiwa alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ua la viazi lilikuwa linakaribia kuwa waridi. Mtu aliyesimama barabarani angeziona ni mbili.

“Haya, mke wangu,” shemeji alisema. “Chumba ni chako. Kwanza niambie njiwa ni ipi.”

Niliuona mkono wa dada ukitafuta ubao wa dirisha na kuupata. Akatabasamu.

“Njiwa ni hii ya kushoto,” alisema. “Na ndiyo ninayoitaka.”

Hakuna aliyejibu. Dada alisubiri. Alijua kwa ule ukimya, nikaona uso wake ukishuka, lakini mkono wake ulibaki pale dirishani. Nestori, aliyekuwa nje uani akiosha burashi, alianza kupiga mluzi kisha akaacha.

“Tangu lini?” shemeji aliuliza.

“Tangu ile Jumapili ya kwanza.”

“Kwa nini ulikuwa unaniambia unaona?”

“Kwa sababu siku hizo ulikuwa unakula.”

Shemeji alikaa kitandani. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Akafunika uso kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, namna ambayo wanaume wa kwetu hulia msibani tu, na dada akamfuata kwa kupapasa kitanda mpaka akampata, akakaa karibu naye. Mimi nikaenda kuwasha jiko. Wali niliopika hakuna aliyeula.

Baada ya hapo mambo hayakuharibika kwa kishindo. Kalisto hakumpiga dada yangu, hakumtukana, wala hakuleta mwanamke mwingine mle ndani. Alikuwa anachelewa tu. Alirudi amekula, akasema mashine ilikuwa na kazi nyingi. Nestori aliambiwa asimame kwanza, akafunga ndoo yake kwenye baiskeli akaenda, na rangi ikakauka kwenye makopo. Dada alishona kwa kugusa mpaka sindano ikampita kidole cha shahada, ndipo akaifunika cherehani kwa kitambaa na kunipa mimi wateja wake, ambao mimi sikuweza kuwatosheleza. Wakaanza kupungua. Kisha shangazi mmoja wa Kalisto akaja kutusalimia, akakaa kama siku mbili tatu, na alfajiri ya siku aliyoondoka nilisikia sauti yake ikipita juu ya ukuta kutoka sebuleni, sauti ya mtu anayejitahidi kuwa na huruma. “Mimi sikwambii umfukuze. Lakini mtoto hakuna, na sasa macho hakuna. Wewe bado kijana. Fikiria.” Kalisto hakujibu kitu. Nilingoja ajibu. Upande wa pili, chumbani, kitanda cha dada kililia kidogo, nikajua naye amesikia, naye anangoja.

Chai ilipokwisha, dada alisema angependa kwenda kukaa kidogo kwa mama, Kasansa, mpaka mavuno yaishe. Alilisema kama jambo lake mwenyewe. Kalisto akasema ni wazo zuri, apumzike, atamfuata. Alitupakia yeye mwenyewe kwenye basi, akatununulia maji na mikate, akamwekea dada kikapu miguuni na kumwonyesha kwa mkono mahali kilipo. Akasema tena, “Nitakufuata.” Sina shaka kwamba wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Nilibaki na dada kijijini, maana Mpanda sikuwa na kazi tena. Miezi ilikwenda. Mwanzoni Kalisto alipiga simu, dada akawa anaishika simu mkononi hata akienda bafuni. Halafu simu zikawa za salamu tu kupitia kwangu. Mwanga ule mdogo uliobaki katikati ya macho yake, kama tundu la kitasa, uliisha wakati wa kupanda mpunga. Hakutuambia. Tulijua kwa sababu aliacha kutugeuzia uso tukiongea naye, akawa anatugeuzia sikio. Mama alimfundisha kuchambua mchele kwa vidole, akaweza haraka, maana vidole vyake vilikuwa vya fundi.

Mvua zilikuwa zimepungua siku Kalisto alipokuja. Dada alikuwa amekaa uani kwenye kigoda na ungo mapajani, mimi nimetoka bombani na ndoo. Pikipiki ilisimama barabarani, mbali kidogo, ikazimwa. Akaingia uani kwa miguu, polepole. Alikuwa amevaa shati la dukani; tangu amwoe dada yangu sikuwahi kumwona na shati ambalo dada hakulishona. Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Mama alitoka jikoni, akamwona, akasimama palepale na mwiko mkononi. Kalisto alisimama karibu na ghala, hatua chache tu kutoka kwa mke wake, akamtazama anavyotenganisha chuya na mchele, punje kwa punje. Nilidhani ataongea.  Alisimama mpaka ungo ukakaribia kwisha, kisha akageuka akatoka kama alivyoingia, na tukasikia pikipiki ikiwaka na kuelekea upande wa Mpanda.

“Nani huyo?” dada aliuliza.

Mama alinitazama. “Mpita njia,” alisema.

Dada hakuinua uso. Alikusanya chuya kwenye kiganja, akazimwaga chini, akapapasa tena ndani ya ungo.

“Huyo mpita njia,” alisema, “siku nyingine akipita mwambieni asalimie tu. Mimi sitamshika asiende.”

Kalisto hakupita tena, si mwaka ule wala mwingine wowote.